Vikombe vya Laumili

Kijiji cha Fagalupe, upande wa kusini wa kisiwa cha Savai'i huko Samoa, kilikuwa na mganga mmoja tu wa maumivu ya viungo, naye aliitwa Salafai. Alikuwa mjane mwenye viganja vipana na ulimi usiopenda kuzunguka. Mkulima aliyeumia mgongo kwa kubeba taro, yaani magimbi, mama aliyesumbuliwa na kiuno tangu ajifungue, mzee ambaye magoti yake yalikuwa yakimgomea kukaa chini wakati wa sala ya jioni, wote waliishia kwenye mkeka wake. Aliwachua kwa mafuta ya nazi, halafu akawapa kikombe kidogo cha maji ya majani ya laumili, kichaka kilichoota chenyewe kwenye mawe meusi ya volkano nyuma ya nyumba yake. Dawa ile ilikuwa chungu kiasi cha kumfumbisha mtu macho. Lakini maumivu yalipungua, na watu walirudi.

Manesi wa hospitali ya wilaya hawakuipenda. Mgonjwa yeyote aliyethubutu kuitaja laumili mbele yao aliambiwa kwamba anakunywa sumu, na kwamba siku moja ataletwa pale amebebwa. Salafai alizipata habari hizo kwa watu waliokuwa wakizileta kwa furaha, kama watu wanavyopenda kuleta habari za matusi. Hakwenda kugombana. Kilichomkera hakikuwa kukatazwa, kwa kuwa hata yeye alikuwa akiwakatalia wagonjwa wengine. Kilichomkera ni kwamba waliosema hivyo hawakuwahi kuipima.

Kwa hiyo Dakta Fetuao alipokuja kutoka Apia, mji mkuu, na kuomba kuzungumza na baraza la machifu, Salafai alikuwa wa kwanza kuketi kwenye nyumba ya mikutano. Fetuao alikuwa mwanamke mwembamba, mtafiti wa dawa za mimea, mwenye sauti ya chini na tabia ya kutorudia alichokwisha kukisema. Mamake alitoka Savai'i, na alijua aketi wapi na azungumze na nani kwanza. Aliwaeleza machifu kwamba anataka kujua mambo mawili tu: kama laumili kweli inaondoa maumivu, na kama inamdhuru mtu kwa ndani. Jibu lolote litakalopatikana litasomwa palepale mbele ya kijiji, na mmea utabaki kuwa wa kijiji.

Salafai akamuuliza, "Na mkiona kuwa ni mbaya?"

"Nitasema ni mbaya, mama."

Jibu hilo lilimpendeza kuliko hotuba yote. Akakubali, na baraza likakubali.

Majani yalipelekwa Apia kwa kivuko. Kwa muda mrefu kijiji hakikusikia kitu ila habari za panya, kwamba wapo panya wa maabara wanaonyweshwa laumili asubuhi na kupimwa damu jioni, na vijana wakawa wanataniana kwamba panya wa Apia wana daktari na wao hawana. Baada ya panya wakaja watu wenye afya njema, wanafunzi wa mjini waliojitolea kuonja kidogo kidogo huku wakiangaliwa. Hao hawakupata madhara yaliyoonekana. Ndipo Fetuao akarudi Fagalupe kutafuta watu wenye magoti mabovu, na kwa magoti mabovu Fagalupe haikuwa na upungufu.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Kila asubuhi wagonjwa wangefika kwenye nyumba ya kamati ya akina mama na kupewa kikombe. Nusu yao wangepata laumili, na nusu maji yaliyotiwa uchungu na rangi ili yafanane nayo. Anayekunywa asingejua anakunywa nini, wala anayempa asingejua. Hata Fetuao hakujua. Siri ya vikombe aliishika mtu mmoja tu huko Apia, ambaye hakuna mtu Fagalupe aliyewahi kumwona sura. Katika muda huo wote asiyejiandikisha alikuwa huru kuendelea kutumia laumili, ila wagonjwa waliojiandikisha hawakuruhusiwa kugusa laumili nje ya kile kikombe. Salafai, aliyewekwa kwenye kamati ya kusimamia utafiti, aliweka ahadi mbele ya baraza kwamba hatampa hata tone mmoja wao.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa Aukuso, kaka yake Salafai.

Aukuso alikuwa chifu na shemasi, mtu mkubwa wa mwili. Ujanani alicheza raga mstari wa mbele, na magoti yake yalikuwa hayajamsamehe. Shamba lake la taro lilikuwa juu mlimani. Kupanda aliweza, ila kushuka kulimliza. Kwa dada yake alikuwa mtu asiye na dosari. Tangu mume wa Salafai afariki, hakuna Jumapili iliyopita bila Aukuso kuleta taro na samaki wa kwanza kutoka kwenye tanuri la mawe, na nyumba ya Salafai ilipong'olewa paa na kimbunga, aliiezeka yeye kabla ya kuiezeka ya kwake. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwomba dada yake kitu.

Siku za mwanzo za majaribio zilikuwa kama sherehe. Watu walikunywa, wakakunja nyuso, wakakaa kwenye ngazi za nyumba ya kamati wakibishana nani kapata dawa na nani kapata maji. Matalena, mjane mmoja mwembamba aliyependa sana bingo, alitangaza mapema kwamba yake ni laumili halisi, kwa sababu amelala usiku kucha kama mtoto mchanga. Alianza kutembea bila fimbo. Akaenda mpaka mwisho wa kijiji na kurudi, akisimama kila nyumba kueleza.

Aukuso yeye alinuna. Alisema alichopewa ni maji ya kuoshea vyombo. Laumili ya dada yake anaijua, inaunguza koo, hii haiunguzi. Ndivyo alivyokuja kumwambia Salafai siku moja alasiri, akiwa ameketi kwenye ukingo wa nyumba, mguu ameunyoosha mbele. Salafai alimjibu kwamba ahadi ni ahadi, akamchua goti kwa mafuta, akamrudisha nyumbani kwake.

Alirudi tena baada ya siku kadhaa, na safari hii alikuja akishuka kutoka shambani kinyumenyume, amegeuza mgongo kule anakoelekea, kwa sababu ndivyo goti lilivyomruhusu kushuka. Watoto wa jirani walimwona wakacheka. Salafai naye alimwona, na hakucheka.

"Nipe kidogo, dada," alisema. "Sina nguvu ya kubembeleza."

"Umejiandikisha, Aukuso. Umeapa mwenyewe, na mimi nimeapa."

"Mimi nimepewa maji. Mtu wa maji ataharibu hesabu gani? Kama ningekuwa nimepata dawa, ningekuja kwako nikitembea kama kaa?"

Salafai alilitazama lile goti, lililovimba na kung'aa. Alimfikiria mtu wa Apia asiyejulikana, na ile ahadi aliyoitoa kwa sauti mbele ya watu. Halafu akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akachuma majani, akayaponda na kuyakamua. Alimpa kikombe kimoja, na akamwambia kwamba ni hicho tu, wala asirudi.

Alirudi kesho yake, na Salafai akampa. Baada ya hapo hakuona tena njia ya kumnyima.

Miezi ikapita. Aukuso alianza kushuka mlimani akiangalia mbele kama watu wengine, na Salafai alipomwona akipita na mzigo wa taro begani, alijiambia kwamba hakuna aliyeumia kwa jambo lile. Alijiambia hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kila baada ya muda Fetuao alikuwa akiwatoa wagonjwa wote damu na kuipeleka Apia. Vipimo viliporudi safari ile, alisimamisha vikombe. Asubuhi watu walifika kwenye nyumba ya kamati kama kawaida, wakaambiwa warudi nyumbani. Hakuna atakayekunywa kitu mpaka watakapoarifiwa. Kufikia adhuhuri kijiji chote kilijua kwamba ini la Aukuso limeumia. Kufikia jioni nesi mmoja wa wilaya alikwisha kusema kwenye duka la Mchina kwamba yeye alisema tangu zamani.

Kesho yake mchana Fetuao alimwendea Salafai mwenyewe. Aliketi, akakubali kikombe cha koko, kinywaji cha kakao, akamweleza pasipo kupamba maneno. Ini la Aukuso lilikuwa limevimba. Si jambo la kumuua, kama ataacha kinachomdhuru, lakini ni jambo kubwa. Bado hajui kama Aukuso alikuwa anapata laumili au maji; ameomba Apia wafungue siri yake yeye peke yake. Ikiwa ni laumili, na kwa kipimo kile kidogo, basi utafiti utafungwa, na itabidi awaambie watu wote waache kuitumia. Alimwuliza kama kuna lolote analolijua, kama Aukuso anakunywa pombe, au anameza vidonge vya mtu mwingine.

Salafai alisema Aukuso hanywi pombe. Hilo lilikuwa kweli. Zaidi ya hapo hakusema, na Fetuao alimshukuru kwa koko akaondoka.

Alipobaki peke yake, Salafai alijaribu kusuka mkeka aliokuwa ameuanza, akakosea, akaufumua. Hesabu ilikuwa haimkai sawa. Vikombe alivyompa Aukuso havikuwa vikubwa. Kama kaka yake alikuwa anapewa maji, kama alivyosema, basi alichokunywa ni kile ambacho Salafai aliwapa watu siku zote, kama mamake alivyowapa. Na kama hicho ndicho kilichomuumiza, nesi wa wilaya alikuwa amesema kweli. Aliona afadhali ajue.

Akaenda kwa Aukuso. Alimkuta amelala, macho yana rangi ya njano kwenye kona, mkewe Ianeta anampepea. Salafai alimwomba Ianeta awaachie nafasi. Akaketi karibu na kichwa cha kaka yake.

"Ulikunywa nini kingine?" alimwuliza.

"Chako tu."

"Aukuso."

Aukuso alionyesha kwa kidevu birika lililokuwa kwenye jiwe la moto, birika jeusi la kwenda nalo shambani. Salafai alilifunua. Ndani mlikuwa na majani ya laumili yaliyochemshwa mpaka yakawa kama tope, na maji yake mazito yana rangi ya chai iliyokaa. Aukuso alieleza, sasa bila kusita, kama mtu aliyechoka kuficha. Alipoona kikombe cha dada yake kinamsaidia, alikata vipandikizi akapanda kando ya shamba, na vilipochipua akaanza kuchemsha. Alikuwa akinywa birika zima kila anapofanya kazi, na akishuka anapitia kwa dada yake kunywa kikombe.

"Ulikuwa unataka kufa?"

"Nilikuwa nataka kufanya kazi."

Salafai alimwambia kwamba atamwambia dakta. Hapo Aukuso aliinuka akaketi, ingawa ilimuuma. Alimkumbusha kwamba yeye ni chifu. Alikuwepo barazani siku ya ahadi, na ndiye aliyesimama kuombea mpango mzima kwa Mungu. Kesho kutwa ni yeye wa kutoa mahubiri ya mashemasi. Amwache apone kimyakimya, ataacha kunywa, damu itasafika, nani atajua.

"Na laumili?"

"Laumili imefanyaje?"

"Itaitwa sumu. Matalena atarudi kwenye fimbo. Watu wote wale watarudi kukaa na maumivu yao, kwa sababu wewe na mimi tunaona haya."

"Wewe huna cha kupoteza," Aukuso alisema. "Wewe ni mganga. Watakusema siku mbili, halafu watakuja tena wanachechemea. Mimi nikianguka naanguka kabisa."

Maneno hayo yalimchoma Salafai, kwa kuwa hayakuwa kweli na kaka yake alijua kuwa si kweli. Aliinuka. Alichukua birika lenyewe, akaenda nalo mkononi, hivyo wazi, mpaka kwenye nyumba ya kamati alikokuwa amefikia Fetuao.

Akamwambia yote. Hakumwacha Aukuso abebe peke yake. Alianza na vikombe vyake mwenyewe, kile cha kwanza na vilivyofuata, ndipo akaliweka birika juu ya meza. Fetuao alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na uso wa mtu anayejizuia.

"Nilikuwa kwako mchana," alisema. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nimelala siku mbili hizi nikidhani nimewapa watu sumu kwa mkono wangu, mama. Wote wale. Nilikuwa nawahesabu majina."

Fetuao hakupandisha sauti, wala hakusema kwamba amemsamehe. Alimimina kilichomo birikani kwenye chupa kikapimwe, akamwuliza maswali mengi juu ya siku, vipimo na jinsi majani yalivyochemshwa, na alipomaliza akamwambia kwamba itabidi aondoke kwenye kamati inayosimamia utafiti, na kwamba jambo lote litaelezwa kwenye taarifa, bila kujali ni ndugu wa nani. Salafai alisema anaelewa.

Jibu la Apia lilifika asubuhi. Aukuso hakuwa mtu wa maji. Tangu siku ya kwanza alikuwa akipewa laumili halisi. Kikombe cha asubuhi, birika la shambani na kikombe cha dada yake, vyote vilikuwa dawa ileile moja. Uchungu wa kuunguza koo alioukosa ulitokana tu na majani kukaushwa kabla ya kukamuliwa. Kumbe hata lile neno lililomlainisha Salafai, kwamba mtu wa maji haharibu kitu, halikuwa na msingi.

Damu za wengine wote zilipimwa tena zikaonekana safi. Vikombe vikarudi, bila Aukuso.

Baraza la machifu lilikaa. Ahadi iliyovunjwa ilikuwa ya kijiji, si ya mtu, na Aukuso, akiwa chifu wa ukoo, alitozwa kwa niaba yake na ya dada yake nguruwe mkubwa na makasha ya samaki wa kopo. Hakujitetea. Alipewa nafasi ya kusema, akasema kwamba dada yake alimpa kwa sababu alimlilia, na birika lilikuwa lake peke yake. Hayo yalikuwa maneno yake yote. Salafai, aliyekuwa ameketi upande wa wanawake, aliinamisha kichwa. Nguruwe aliokwa kwenye tanuri la mawe, akagawanywa kwa watu wote, na fungu la Fetuao lilikuwa kubwa kupita uwezo wake wa kula.

Lakini Jumapili iliyofuata Aukuso hakuja na taro. Alikuja Ianeta, akaweka kikapu, akazungumzia hali ya hewa, akaenda zake. Na Jumapili nyingine vivyo hivyo.

Majaribio yalipokwisha, Fetuao alirudi na kusoma majibu mbele ya kijiji kama alivyoahidi. Waliokunywa laumili maumivu yao yalikuwa yamepungua kuliko waliokunywa maji. Hayakwisha, yalipungua, karibu sawa na vidonge vya kawaida vya dukani. Kwa kipimo cha kikombe kimoja kidogo haikumdhuru yeyote wakati wa majaribio. Ila kwa habari ya wingi, alisema, sasa wanajua kitu ambacho wasingekijua kwa njia ya halali, kwa sababu hakuna mtafiti ambaye angeruhusiwa kumnywesha mtu kiasi kile. Ikizidi, inaumiza ini. Isichemshwe, isinywewe na mwenye mimba, wala na mtu mwenye ugonjwa wa ini, na bado kuna mengi ambayo hawajayajua. Hakumtaja Aukuso kwa jina, na hakukuwa na haja.

Kisha kila mmoja akaambiwa alikuwa anakunywa nini. Matalena alikuwa mtu wa maji.

Nyumba nzima iliangua kicheko. Matalena alisubiri kikatulia.

"Basi nipeni hayohayo maji," alisema. "Si yamenitoa fimbo?"

Fetuao alicheka pia, ikawa mara ya kwanza watu kumwona akicheka. Akamweleza kwa upole kwamba hilo hutokea, na kwamba ndiyo sababu kubwa ya kuwepo vikombe vya maji. Kupona kwake si uongo, ila hakukutoka kwenye jani. Matalena alisema jani au si jani, yeye anakwenda bingo.

Baada ya siku ile Salafai alibadili kazi yake kidogo. Aliweka kikombe kimoja cha kupimia, akamwambia kila mgonjwa kwamba hatoi cha pili. Wenye macho ya njano na wanawake wajawazito aliwapa mafuta tu, na wengine aliwaelekeza hospitali, jambo ambalo baadhi walilichukulia kama tusi. Wachache walihama kwa mganga wa kijiji cha jirani, anayejaza bakuli. Aliwaacha waende.

Aukuso alikuja msimu wa mvua ulipokuwa unaanza. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa meupe. Alishuka kinyumenyume kama zamani, kikapu cha taro mgongoni, akakitua ukingoni mwa nyumba, akaketi. Kwa muda walitazama mvua. Kisha Salafai akavuta chupa ya mafuta na kuliweka goti la kaka yake kwenye mapaja yake.

"Dakta anasema nisiiguse tena maisha yangu yote," alisema Aukuso. "Hata tone."

"Najua. Aliniambia."

"Linauma, dada."

"Najua."

Alimchua taratibu, kutoka juu ya goti kwenda chini, akibonyeza pale palipokuwa pagumu. Aukuso aliuma meno, halafu akaanza kusimulia habari za paa la kanisa lililokuwa linavuja, na nani alikuwa amekataa kulipanda. Salafai alisema yule mtu ni mvivu tangu utotoni. Wakaendelea hivyo mpaka mvua ikapungua, na goti likawa na joto chini ya viganja vyake.